Ukuta wa Chumba cha Mama Mkwe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema vizuri, Mungu awarehemu, ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusaini mkataba wa kurasa thelathini na mbili na kampuni ya ujenzi. Wangesaini, methali ingekuwa nyingine.

Aliyejifunza hilo kwa ngozi yake alikuwa fundi lipu. Miaka thelathini na minane alipiga lipu kuta za watu: wodi za hospitali, madarasa, maghorofa ya wenye nazo. Wenzake walimpa jina la Fundi Yai, maana ukuta akishaulainisha ulikuwa kama ganda la yai. Ungeweza kuupitishia shavu la mtoto mchanga aliyelala, na asiamke. Jina likamganda. Hata mkewe alipotaka kumchokoza alimwita hivyo: "Na wewe Yai, hivyo viatu vyenye saruji unavipeleka wapi?"

Katika miaka yote hiyo hakuwa na ukuta wake mwenyewe. Alikaa nyumba za kupanga, akilala huku anatazama kazi mbovu za mafundi wengine na kusonya. Alipostaafu, magoti yakiwa yamekwisha, kiinua mgongo chake na kipande cha shamba la mkewe vilimezwa na nyumba moja ya vyumba vitatu, mstari wa tatu, nambari kumi na tisa, katika mtaa mpya ambao kampuni ilikuwa inaujenga mahali palipokuwa na bwawa. Habari ya bwawa haikuandikwa popote. Waliokuwa wanaijua ni vyura, na vyura hawakuulizwa.

Chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuingiza jua la asubuhi, kilikuwa cha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa na miaka themanini na ushei. Miguu ilikuwa imemuaga, lakini macho yalikuwa mazima, na ulimi mzima kuliko macho. Enzi za ujana wao aliikataa posa ya Fundi Yai mara mbili. "Simpi binti yangu mtu ambaye kila jioni inabidi akwanguliwe kwanza," alisema mbele ya washenga, na washenga walicheka hadi wakasahau walichotumwa. Mara ya tatu alikubali kwa shingo upande. "Haya, mchukue. Lakini siku ukiwa na nyumba yako nitakuja kulala humo, nione." Fundi Yai aliyabeba maneno hayo miaka thelathini na sita, kama jiwe ndani ya kiatu.

Wiki mbili kabla bibi huyo hajaletwa, ufa ukatokea ukutani.

Ulianzia kwenye pembe ya dirisha, ukashuka mshazari kuelekea sakafuni, mwembamba kama unywele ulionasa kwenye sabuni. Fundi Yai aliutazama dakika nzima, mikono nyuma. Fundi huzijua nyufa kama daktari anavyovijua vikohozi. Ufa wa lipu iliyokauka haraka ni mafua, unapita. Lakini ufa wa mshazari unaotoka kwenye pembe ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini, huo unatoka kwenye msingi. Huo ni kifua kikuu.

Akaandika barua kwa kampuni. Kampuni ikajibu kwamba barua imepokelewa. Akaandika ya pili. Kampuni ikajibu kwamba ya pili nayo imepokelewa. Kwa kupokea, kampuni ile haikuwa na mpinzani.

"Subiri waje waone wenyewe," mkewe akamwambia. "Nyumba ina dhamana ya mwaka mzima, si wamesema?"

"Na mama yako anafika Jumamosi."

"Sasa?"

"Sasa mama yako aingie chumba chenye ufa? Nyumba yangu mimi? Mama watoto, unanitakia nini?"

Ijumaa asubuhi akachekecha mchanga mara mbili, akakoroga saruji, akapanua ufa kwa tindo, akaushindilia, akaulainisha kwa ubao na kuumalizia kwa mwiko wake mdogo, ule wenye mpini wa mti aliouchonga mwenyewe miaka ishirini na miwili nyuma. Jumamosi mama mkwe akaingizwa, akaketishwa kitandani, akapitisha kiganja ukutani taratibu. Fundi Yai alisimama mlangoni akisubiri kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Mh," akasema mama mkwe. "Mkono wako si mbaya, mkwe."

Basi. Miaka thelathini na sita kwa maneno matano. Siku hiyo Fundi Yai alikula sahani mbili.

Mwezi uliofuata kampuni ilimtuma mtu wake, kijana wa kofia ngumu. Aliupapasa ukuta, akatazama dari, akaandika kwenye fomu: hakuna kasoro. Akaondoka na pikipiki yake. Siku kumi na moja baadaye ufa ukarudi, umenenepa.

Fundi Yai akauziba. Ukarudi. Akauziba, safari hii akibandua lipu yote ya kampuni na kutandika wavu wa waya chini ya lipu yake. Kila alipotaka kuingia alikohoa kwanza mlangoni, kama inavyompasa mtu kwa mkwewe, akaomba radhi, akamhamishia mama sebuleni "nipake rangi kidogo." Naye mama mkwe, ambaye alizaliwa zamani lakini si jana, akamwambia siku moja:

"Mkwe, ukuta wako unakohoa."

"Ni panya hao, mama."

"Panya gani anakohoa ndani ya tofali?"

"Wapo, mama. Wa mjini."

Mara tano aliziba. Picha hakupiga hata moja. Nani anapiga picha jipu lake? Lakini nyumba haikuwa na habari na ufundi wake, ilikuwa inazama. Mlango wa chumba cha nyuma ukaanza kukwama juu. Kidonge cha presha cha mama mkwe kikidondoka, kilibiringika chenyewe hadi ukutani, kila mara pale pale. Hapo ndipo mke alipomshika mumewe mkono wakaenda kwa wakili.

Wakili alikuwa dada mdogo, umri wa mtoto wao wa mwisho kama wangejaliwa kumpata. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la fotokopi, na kila mashine ilipotoa karatasi chini, chai yake ilitetemeka kikombeni. Alisoma mkataba wote na penseli mkononi, kisha akauliza:

"Mzee wangu, kuna mtu aliyewahi kuugusa ukuta huo tangu mkabidhiwe nyumba?"

Fundi Yai akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

"Mara tano, mwanangu. Hata uje na miwani, huoni palipoungwa."

Wakili akaiweka penseli chini. Akageuza kurasa hadi ya ishirini na saba, akasoma kwa sauti kifungu cha kumi na nne: endapo mnunuzi, au mtu yeyote kwa niaba yake, atafanya marekebisho ya aina yoyote bila idhini ya maandishi ya mjenzi, dhamana ya mjenzi juu ya sehemu hiyo itakoma.

Chini mashine ya fotokopi ilitoa karatasi tatu.

"Kwa hiyo nilitakiwa niuache?"

"Ulitakiwa uuache, uupige picha, uuandikie tarehe."

"Na mama mkwe je?"

"Mkataba haumjui mama mkwe, mzee."

Mke akasema, "Mimi nilimwambia asubiri," halafu akajuta, akamwekea mumewe mkono mgongoni.

Wakili akafikiri, akauma penseli. Mkataba ulisema migogoro haiendi mahakamani. Inapelekwa kwa msuluhishi mmoja, na neno lake ndilo la mwisho. "Tutaomba ukuta ufunguliwe mbele yake," akasema. "Ukifunguliwa, ufa utajisemea wenyewe mpaka kwenye msingi. Wewe usiongope hata neno moja, sitaki. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, meza mate."

Siku ya kusikilizwa Fundi Yai aliulizwa mambo mengi: tarehe, barua, mlango, kidonge. Wakili wa kampuni, mtu mnene wa sauti laini aliyeanza kila sentensi kwa "kwa heshima zote," aliuliza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Labda hakujua mzee huyu alikuwa anafanya kazi gani. Kwenye mkataba palikuwa pameandikwa "mstaafu" tu. Msuluhishi, jaji mstaafu, mama mwenye fimbo na macho ya kutofurahishwa na kitu, akafunga jalada: ushahidi umekwisha, sasa atakwenda kuona nyumba kwa macho yake, kisha ataamua kama ukuta ufunguliwe.

"Huko hakuna maswali kwa mashahidi," wakili akamkumbusha Fundi Yai kwenye ngazi. "Ni siku ya macho. Wewe fungua mlango, simama pembeni, basi. Mzee, umenisikia? Hata ukiumwa na siafu."

"Mwanangu, mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu. Lipu haina maneno."

Mkewe akamtazama kwa jicho la pembeni. Alimjua.

Walikuja Jumanne saa nne asubuhi, magari mawili. Mama mkwe alikuwa kitandani mwake, kanga mpya kichwani, amekataa katakata kuhamishwa. "Chumba changu ndicho kinachosemwa, niondoke niende wapi?" Msuluhishi akamsalimu, akafungua na kufunga mlango unaokwama, akadondosha kalamu sakafuni akaitazama ikibiringika. Akaandika mstari mrefu. Wakili wao akaonyesha njia ya ufa kwa kidole, kutoka pembe ya dirisha hadi chini, na kuomba lipu ibanduliwe. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Fundi Yai alisimama pembeni, midomo imefungwa kama mfuko wa saruji ambao haujaguswa.

Wakili wa kampuni akasogea ukutani. Akaupapasa. Akavua miwani, akaweka jicho karibu, akapapasa tena. Kisha akageuka, na macho yake hayakumtafuta msuluhishi. Yalitua kwenye mikono ya Fundi Yai. Mikono ya mtu wa saruji haistaafu. Kucha zina kijivu kisichotoka hadi kaburini.

"Mheshimiwa," akasema kwa ile sauti ya siagi, "kwa heshima zote, mimi nasikitika tunaombwa kuharibu ukuta kama huu. Tazama. Kampuni inamshukuru sana fundi wake aliyepiga lipu hii. Kijana mdogo yule, tulimchukua mtaani, hata kushika mwiko alifundishwa na sisi wenyewe. Miezi mitatu tu ya mafunzo, na tazama kazi. Kwa kweli lipu si kazi ngumu kama watu wanavyodhani."

Wakili wao akaona. Akanyoosha mkono kumkamata mzee mkono wa shati. Mke naye akaona, akaita, "Baba watoto!"

Walichelewa wote wawili.

"Miezi mitatu?" Fundi Yai alisema. "Miezi mitatu huyo mtoto wenu hajui hata kuchekecha mchanga! Hiyo yenu ilikuwa matope. Niliibandua yote kwa mkono. Hii lipu ni yangu! Hii ni ya miaka thelathini na minane!"

Wakili mnene akavaa miwani yake polepole, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa zawadi na kuona aibu kuifungua mbele ya watu.

"Kifungu cha kumi na nne, mheshimiwa," akasema.

Na kitandani mama mkwe naye alikuwa anamtazama, si kwa hasira.

"Kumbe panya," akasema.

Uamuzi ulikuja baada ya siku tisa, ukurasa mmoja na nusu. Msuluhishi aliandika kwamba sakafu inainama, hilo ameliona; kwamba huenda chini ya lipu kuna kasoro kubwa; lakini mnunuzi mwenyewe amekiri kuufanyia ukuta marekebisho bila idhini, na mkataba aliusaini akiwa na akili timamu. Ombi la kufungua ukuta limekataliwa. Shauri limetupwa. Wakili wao alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akasugua macho.

"Nisamehe, mwanangu," Fundi Yai akamwambia.

"Uliongea ukweli, mzee. Siwezi kukulaumu kwa ukweli." Akaikunja karatasi ya uamuzi. "Lakini msilale kwenye chumba kile."

Mchana ule ule Fundi Yai akachukua nyundo na tindo. Akamhamishia mama mkwe sebuleni, bila kisingizio cha rangi safari hii, akaanza kubandua. Lipu yake haikutaka kutoka. Aliipiga ili ishike, nayo ilishika. Ilimbidi aikate vipande kama mtu anayemchuna mnyama wake mwenyewe. Alipofika kwenye tofali akakuta ule unywele wa sabuni umekuwa mdomo. Vidole vinne viliingia bila kusukumwa. Kwa juu, karibu na pembe ya dirisha, aliona mwanga wa nje na jani la mti wa jirani likicheza.

Hapo akafanya kile ambacho angefanya siku ya kwanza kama ufa ungekuwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Akakata kipande chembamba cha kioo, akakilaza juu ya ufa, ncha huku na ncha kule, akakishika kwa saruji. Ndivyo mafundi wa zamani wanavyoupima ufa: kioo kikibaki kizima, ufa umekufa, ziba ulale. Kikivunjika, uko hai na unatembea.

Siku ya pili, wanakunywa chai ya asubuhi, walisikia tik, sauti ndogo kama ya mtu anayealisha kidole. Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama.

"Ziba," mke akasema.

Fundi Yai akainua macho.

"Ziba, baba watoto. Mara moja tu, ya mwisho. Mkono wako nani ataugundua? Yule wakili mwenyewe alipapasa mara mbili. Tuiuze kabla ya mvua." Hakuwa analia. Alikuwa anaviringisha pindo la kanga kidoleni, anafungua, anaviringisha. "Shamba langu limo humu. Mgongo wako umo humu. Tumebaki na nini, mimi na wewe? Tukapange chumba na mama mgonjwa, kwa uzee huu?"

Fundi Yai akasukuma kikombe chake kando. Alikwenda nje, akachekecha mchanga.

Wakambeba mama mkwe wakamweka barazani kwenye kiti cha plastiki, mbali na ukuta. Fundi Yai mwenyewe ndiye aliyembeba, mgongoni, mkwe juu ya mkwe, jambo ambalo zamani lingewafanya wote wawili wafe kwa aibu. "Polepole," bibi akasema sikioni mwake. "Nilikuambia nitakuja kulala humu, nione. Nimelala. Nimeona."

Akakaa kitini akimtazama anavyokoroga. Saruji sehemu moja, mchanga tatu, maji kidogo kidogo, mwiko unazunguka kwenye ndoo kwa ule mlio ambao Fundi Yai angeutambua hata akiwa usingizini. Ilikuwa imeiva, laini, inang'aa. Akaiinua ndoo.

"Mkwe," mama mkwe akaita.

"Naam, mama."

"Huyo atakayeinunua," akasema, "yeye hana mama mkwe?"

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza kama chumvi ipo. Kisha akageuza uso akatazama barabarani, ambako jirani wa nambari ishirini alikuwa anatoka na beseni la nguo, na ukuta wa nambari ishirini nao, ukitazama vizuri, ulikuwa na unywele kwenye pembe ya dirisha.

Fundi Yai akaiweka ndoo chini. Alisimama. Mkewe alitokea mlangoni, akamwangalia, akaiangalia ndoo, akamwangalia mama yake, akarudi ndani, na kutoka ndani ikasikika sauti ya masanduku yakivutwa.

Saruji haimsubiri mtu. Nusu saa iling'aa, saa moja ikaanza kupoteza mng'ao, jua lilipofika juu ya paa ilikuwa imepauka. Fundi Yai alibaki amekaa ukingoni mwa baraza, magoti yake mabovu mbele yake, hadi jirani alipomaliza kuanika. Ndipo akanyanyuka, akavuka barabara, akamwambia aje na simu yake ya kupiga picha.

"Ya nini, mzee?"

"Piga huo ufa wako. Na tarehe uandike. Usiuguse, mama. Hata mgeni gani akija, usiuguse."

Aliporudi alishika mpini wa mwiko ili auoshe, kama alivyoosha kila jioni kwa miaka ishirini na miwili. Haukutoka. Alivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, na ndoo nzima ikainuka pamoja nao.